Kisima Kilichozungushiwa Ukuta: Ngome Ndogo za Kirumi na Minara Yake katika Jangwa la Mashariki la Misri

(Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa wapenzi wa historia. Kwa kuwa wengi walikosa kufika, naiweka hapa nzima kwa ajili yao. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, mabibi na mabwana, nanyi wanafunzi mliobanana pale nyuma karibu na mlango,

Nawashukuru kwa kunialika. Mwenyekiti aliponitaka nizungumzie ngome za mipakani za Warumi, nadhani alitarajia niwapeleke kaskazini mwa Uingereza, kwenye ule ukuta mrefu uliojengwa kwa amri ya Kaisari Hadrian. Ataniwia radhi. Ukuta ule umekwisha kusemwa sana, na mvua ya kule imeozesha mengi ambayo ningependa kuwasimulia. Leo nawapeleka mahali pakavu, tena palipo karibu zaidi na kwetu: jangwa lililo kati ya mto Nile na Bahari ya Shamu.

Nasema karibu na kwetu kwa sababu. Katikati ya karne ya 1, mtu mmoja aliyeijua bahari vizuri aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa wafanyabiashara, ambao wasomi huuita Periplus. Anaanzia kwenye bandari ya Misri iitwayo Myos Hormos, anashuka na pwani ya Afrika, na hatimaye anafika kwenye soko la mwisho la nchi anayoiita Azania. Soko hilo ni Rhapta. Anasema jina lake limetokana na mashua zilizoshonwa, na nyinyi mliokulia pwani, mliosikia habari za mtepe, hamhitaji kufafanuliwa. Huko zilipatikana pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Huko zilipelekwa silaha, mashoka na visu. Mvinyo na ngano zilipelekwa pia, lakini anaeleza kwamba hazikuwa za kuuza, bali za kujipatia urafiki wa wenyeji. Meli za kwenda kwenye pwani hiyo ya Afrika, anashauri, zing'oe nanga Misri karibu na mwezi Julai.

Sasa nawauliza: meli iliporudi Misri na shehena yake, kazi ilikuwa imekwisha? Haikuwa imekwisha. Bahari ilikuwa imevukwa, lakini jangwa lilikuwa bado. Kutoka Myos Hormos hadi mji wa Koptos, ulio kando ya Nile, ni mwendo wa kilomita zipatazo 180 za mawe na mchanga. Kutoka Berenike, bandari ya kusini zaidi, mwandishi wa Kirumi Pliny anahesabu maili 257 za Kirumi na safari ya siku 12, watu wakisafiri zaidi usiku kwa sababu ya joto na kushinda vituoni mchana.

Umehifadhiwa mkataba mmoja wa mkopo wa katikati ya karne ya 2, ulioandikwa kwenye karatasi ya mafunjo, unaohusu safari ya kwenda Muziris nchini India. Upande wake wa pili imeorodheshwa shehena ya meli iliyoitwa Hermapollon, ambayo thamani yake ilikaribia milioni 7 za sesterce, sarafu ya Kirumi. Ndani ya mkataba huo mfanyabiashara anaahidi kuikabidhi mizigo kwa mwenye ngamia wa kuaminika, ivushwe jangwani hadi kwenye maghala ya serikali ya Koptos, ikiwa na ulinzi na usalama. Ulinzi na usalama! Maneno mawili yaliyoandikwa na mtu aliyeketi kivulini. Nani aliyekuwa juani akiutoa ulinzi huo? Hilo ndilo jambo langu la leo.

Mabibi na mabwana, tunaposikia neno ngome tunaona vita. Tunaona mizinga, kama ile ya Ngome ya Yesu pale Mombasa. Naomba muiweke picha hiyo kando. Ngome ninazozizungumzia Warumi waliziita praesidia. Nyingi zilikuwa na umbo la mraba lenye upande wa mita hamsini au sitini hivi, kuta za mawe ya hapohapo, minara ya mviringo kwenye pembe, na lango moja tu. Vyumba viliegemezwa ukutani kwa ndani. Uwanja wa katikati haukuachwa kwa ajili ya gwaride. Katikati palikuwa na maji: kisima, au birika, au vyote viwili.

Kwa hiyo ngome ilikuwa nini? Ilikuwa kisima kilichozungushiwa ukuta. Nitarudia, maana hili likiwaingia, mengine yote yatafuata: ilikuwa kisima kilichozungushiwa ukuta. Ukuta ulijengwa kwa ajili ya maji. Askari waliwekwa kwa ajili ya maji. Kwenye nchi isiyo na mto wala mvua ya kutegemea, mwenye kisima ndiye mwenye njia, na mwenye njia ndiye mwenye mpaka.

Haya si mawazo yangu tu. Katika mwaka wa 9 wa utawala wa Kaisari Vespasian, yaani 76 au 77, gavana wa Misri Lucius Iulius Ursus alikwenda mwenyewe hadi Berenike. Fikirini, mtu mkubwa wa namna ile, siku nyingi juu ya mnyama, akionja maji ya kila kituo. Huko Siket, kilomita chache tu kutoka Berenike, waakiolojia walikuta maandishi ya Kilatini yaliyochongwa kwenye jiwe la ngome, nayo yanasema kwamba Ursus, alipokuwa akirudi kutoka Berenike, aliamuru kisima kitafutwe mahali hapo, na kilipopatikana akaagiza ngome na mabirika vijengwe. Angalieni mpangilio wa maneno hayo. Kwanza maji yatafutwe. Yakipatikana, ndipo ngome ijengwe. Ngome ya Didymoi, kwenye njia hiyohiyo ya Koptos na Berenike, ilianzishwa wakati uleule.

Ngome ninayoipenda kuliko zote iko kwenye njia ya Myos Hormos. Kwa Kigiriki iliitwa Krokodilo, yaani mamba, jina la ajabu kwa mahali palipo mbali na mto. Leo wenyeji wanapaita Al-Muwayh, na wanaojua Kiarabu humu ukumbini watatambua mara moja kwamba hilo ni neno maji lililofanywa dogo. Vijimaji, tungeweza kusema. Milki iliondoka, lugha ya Kigiriki iliondoka, askari waliondoka, na mahali pakabaki na jina la kitu kilichowaleta watu pale tangu mwanzo.

Nije sasa kwenye minara.

Ukisafiri kwenye njia ya Myos Hormos, huwezi kwenda mbali kabla ya kuona juu ya kilima, upande huu au ule, rundo la mawe lililopangwa kwa mkono. Ni minara ya ulinzi. Waliofanya uchunguzi wa njia hiyo wamehesabu ipatayo 65. Msiwazie minara ya misikiti wala mnara wa taa. Hii ni midogo, ya mraba, upande wa mita tatu hivi, imejengwa kwa mawe makavu bila chokaa. Thamani ya mnara wa namna hii haiko katika mawe yake, iko katika mahali ulipowekwa. Mmoja unauona mwingine, na ule mwingine unauona wa tatu, hadi habari ifike ngomeni. Ngome imo bondeni, kwa sababu maji yamo bondeni, na aliye bondeni haoni mbali. Ngome peke yake ilikuwa kipofu. Minara ndiyo iliyokuwa macho yake.

Nani alikaa juu? Hapa wengi hukosea, nami nilikosea nilipokuwa mwanafunzi, nikidhani ni askari wenye kofia za chuma. Jibu lilitoka kwenye jalala la machimbo ya mawe ya Mons Claudianus, kaskazini zaidi katika jangwa hilohilo, mahali palipotoka nguzo kubwa za mbele za jengo la Pantheon huko Roma. Uchimbaji wa miaka ya 1987 hadi 1993 ulitoa vigae, yaani vipande vya mitungi iliyovunjika, zaidi ya elfu tisa vyenye maandishi ya wino. Miongoni mwake zimo orodha za zamu: jina baada ya jina, kila mmoja na mnara wake. Watu hao waliitwa skopelarioi, yaani watu wa minara. Hawakuwa askari wa jeshi. Walikuwa raia, wengi wenye majina ya Kimisri kabisa, wakiwa chini ya kiongozi wa kikundi.

Nataka mlione hilo vizuri. Shehena ya mamilioni inapita chini bondeni, na aliye juu akiitazamia ni mtu wa kijijini kutoka kando ya Nile, na mtungi wake wa maji, akihesabu siku za zamu yake. Milki iliyojenga mahekalu ya mawe meupe ililindwa jangwani na walinzi wa zamu. Ndugu zangu mnaofanya kazi ya ulinzi usiku mjini hapa mtawaelewa watu wale kuliko maprofesa.

Sasa jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa.

Kila mtu aliyewahi kushika koleo la akiolojia anajua swali moja. Niliwahi kufanya kazi ya kuchimba, si Misri bali kwetu huku, na hapakupita siku bila mpita njia kusimama, kututazama kwa huruma, kisha kuuliza: "Mmepata dhahabu?" Tukisema tumepata vigae, alitikisa kichwa na kuendelea na safari yake. Basi naomba nimtetee mwenzangu wa jangwani. Dhahabu ya Krokodilo ni taka.

Watu wa ngome walitupa taka nje ya lango. Samadi ya farasi na ngamia, makapi, majivu, mifupa, matambara, mitungi iliyovunjika. Walitupa kila siku, mwaka baada ya mwaka, hadi likasimama jalala la kutisha mbele ya ngome yao. Jangwa halina mvua ya kuozesha. Kule Didymoi jalala limetunza vipande vya nguo vikiwa bado na rangi zake. Na jalala limetunza wino.

Maana karatasi ya mafunjo ilikuwa ghali na ililetwa kutoka mbali, lakini mtungi uliovunjika ni bure. Mtu alichukua kigae, akakifuta vumbi, akaandika: barua, risiti, hesabu, orodha, amri. Wasomi huviita vigae hivyo ostraka. Katika miaka ya 1996 na 1997 wachimbaji wa Kifaransa, chini ya Hélène Cuvigny, walilichambua jalala la Krokodilo na kupata mamia ya ostraka, nyingi za miongo miwili ya mwanzo ya karne ya 2, wakati wa Kaisari Trajan na mwanzo wa Hadrian.

Yamo nini? Yamo madaftari ya tarishi. Barua za serikali zilipitishwa kutoka ngome hadi ngome kwa farasi, na mkuu wa kila ngome alitakiwa kuandika barua imefika lini, imeletwa na mpanda farasi gani, na imeondoka saa ngapi. Ngome nzima huenda ilikuwa na askari kumi na kadhaa tu, lakini daftari lazima liandikwe! Wengine humu mnacheka kwa sababu mnaijua ofisi hiyo.

Na hapo mwanafunzi wa Kiswahili ana bahati ambayo mwanafunzi wa Kizungu hana. Warumi walihesabu saa za mchana kuanzia jua linapochomoza, na saa za usiku kuanzia linapozama. Daftari likisema saa tatu ya mchana, Mzungu anachukua kalamu akokotoe. Sisi je? Ni saa tatu asubuhi, basi.

Yamo pia mambo ya chini kabisa. Yupo mtu aitwaye Philokles, ambaye barua zake zimepatikana kwa wingi pale Krokodilo. Huyu bwana alikuwa mchuuzi wa jangwani. Alisambaza mboga za majani kwenye ngome, na mboga mbichi mahali kama pale ilikuwa kitu cha kuombea. Lakini biashara yake nyingine ilikuwa kuwakodisha wanawake kwa askari, akiwahamisha kutoka kituo hadi kituo kama alivyohamisha kabichi. Barua za mboga na barua za wanawake zimeandikwa kwa mkono uleule na lugha ileile ya hesabu. Nimezisoma mara nyingi, na bado sijazizoea.

Kama mnadhani serikali haikujua, jiwe la Koptos litawatoa shaka. Mwaka 90, wakati wa Kaisari Domitian, zilichongwa hapo tozo za kuitumia njia ya jangwani. Nahodha wa Bahari ya Shamu alitozwa drakma 8, sarafu ya Misri ya wakati ule. Mke wa askari alitozwa drakma 20. Mwanamke aliyepelekwa kufanya ukahaba alitozwa drakma 108. Serikali ilijua, ikaweka bei, ikachonga bei hiyo kwenye jiwe. Na angalieni ile drakma 20: kwa kanuni askari hakuruhusiwa kuoa, lakini mtoza ushuru ana kifungu cha wake wa askari. Kanuni ilikuwa Roma. Wake walikuwa njiani.

Nimewaleta hadi hapa, kwa maji, kwa minara na kwa taka, ili niwasomee habari moja ambayo bila hayo isingeeleweka. Iko kwenye kipande cha mtungi kutoka jalala la Krokodilo. Ni nakala ya taarifa iliyoandikwa na mpanda farasi aitwaye Antonius Celer, na iliyosambazwa baadaye kwa wakuu wa ngome. Mwaka ni 118, siku ni tarehe 13 Machi kwa kalenda yetu.

Celer anaeleza kwamba siku hiyo watu 60 wa jangwani, anaowaita kwa Kigiriki barbaroi, yaani washenzi, waliishambulia ngome ya Patkoua. Alipigana nao pamoja na wenzake aliokuwa nao kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku. Mnaona? Saa kumi alasiri hadi saa mbili usiku, hakuna cha kutafsiri. Kisha wakaizingira ngome hadi alfajiri. Siku hiyo askari wa miguu aitwaye Hermogenes aliuawa. Mwanamke mmoja na watoto wawili walitekwa. Mtoto mmoja aliuawa.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama kwenye neno moja, nalo si barbaroi wala si aliuawa. Ni watoto. Ndani ya ngome ya mpakani, kwenye kituo cha jeshi ambacho kikanuni hakina familia, kulikuwa na watoto angalau watatu. Hesabu ya askari wa Kirumi isingetuambia. Kuta zisingetuambia, maana ukuta hausemi nani alilala nyuma yake. Kigae kimetuambia, na kimetuambia kwa bahati tu, kwa sababu watoto hao walidhurika na mpanda farasi akalazimika kutoa hesabu ya waliopotea.

Lakini hebu tumgeukie upande wa pili yule aliyeitwa barbaroi. Neno hilo liliandikwa na mtu aliyekuwa ndani ya ukuta. Wale sitini hawakuacha kigae. Hatusikii wakisema kwamba kisima kilichozungushiwa ukuta kilikuwa katika nchi waliyochungia wanyama wao, wala kwamba mlinzi wa mnara alikuwa akiwatazama wao tangu asubuhi. Siwatetei, mtoto aliuawa. Nasema tu kwamba tunasoma daftari la upande mmoja, na mwanahistoria anayesahau hilo atakuwa karani wa Kirumi aliyezaliwa kwa kuchelewa.

Na daftari lenyewe, kwa bahati njema, halikuishia mwaka 118. Kwenye njia ya Berenike kuna ngome iitwayo Xeron Pelagos, iliyodumu hadi karne ya 3, nayo jalala lake limechimbwa. Humo zimo ostraka za hesabu ya ngano iliyotolewa ghalani. Mkono ni wa karani wa ngome, wino ni uleule mweusi, na safu za vipimo ni zilezile ambazo mngeziona kwenye posho ya askari yeyote. Ila walioandikwa kuipokea ni barbaroi. Walifika langoni, wakapimiwa ngano yao, na karani akaandika.

Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kupokea maswali, na tuanze na wale wa mlangoni, ambao wamesimama muda wote.